Utalii wa baiskeli Ng'ambo: Faida iko vituoni, si barabarani

KWA miaka mingi mtalii anayefika mjini Zanzibar amekuwa akionyeshwa upande mmoja tu wa mji. Hupelekwa Forodhani, Ngome Kongwe, Mkunazini kulikokuwa na soko la watumwa, kisha huzungushwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe na kununua kanga mbili tatu kabla ya kupelekwa ufukweni. Ng'ambo ya barabara ya Darajani, ambako ndiko waliko wakazi wengi wa mji, hupita ndani ya gari akiwa njiani kwenda Nungwi au Paje.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Baadhi ya watembeza wageni hupanga ziara za baiskeli zinazovuka barabara na kuingia Mlandege, Vikokotoni, Kisima Majongoo, Michenzani, Kikwajuni, Miembeni na Raha Leo. Wageni wachache huongozwa na kijana anayeijua mitaa, wakasimama hapa kunywa kahawa, pale kula tunda, na kwingine kusikiliza historia.

Kwa mkulima wa Kizimbani au muuza matunda wa Mlandege, swali la kujiuliza si kama ziara hizo ni nzuri au mbaya. Swali ni la hesabu: katika kila shilingi anayolipa mgeni huyo, ni senti ngapi zinazobaki mtaani anakopita? Anayefuatilia mgawanyo wa fedha hizo ataona kwamba kinachobaki ni kidogo mno, na kwamba sababu yake si ubahili wa mgeni. Sababu ni namna vituo vya ziara vinavyopangwa.

Mji wenye pande mbili

Jina la Ng'ambo lenyewe linaeleza historia. Zamani mkono mwembamba wa bahari uliingia kati ya Mji Mkongwe na maeneo ya mashariki, na aliyevuka daraja alikuwa amekwenda ng'ambo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa baadaye, lakini majina yamebaki. Soko kuu la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, lipo katika mpaka huo hadi leo.

Upande wa Mji Mkongwe kulikuwa na nyumba za mawe za matajiri, wafanyabiashara wakubwa na ofisi za serikali. Upande wa Ng'ambo walikaa waliokuwa watumwa na vizazi vyao, vibarua, wavuvi, mafundi, wachuuzi na wageni kutoka bara, katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alifika mjini akiuza vyungu kabla sauti yake haijarekodiwa Bombay mwaka 1928. Aliishi Ng'ambo miongoni mwa wachuuzi wenzake.

Wengi wa watu hao walimiliki nyumba lakini si ardhi iliyokuwa chini yake. Walilipa kodi ya kiwanja kwa wenye ardhi, na mwaka 1928 wakazi wengi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Kwa hiyo swali la nani anafaidika na mtaa na nani anaulipia si geni huko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na katika miaka ya 1970 majengo marefu ya ghorofa ya Michenzani yakasimamishwa kwa mpango ulioandaliwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo ilibaki nje ya orodha hiyo, ikahesabiwa kama mahali pa kulala na kununua sembe. Mwaka 2019 ndipo kilipotolewa kitabu cha "Ng'ambo Atlas", chenye ramani na historia ya mitaa hiyo, kilichotokana na kazi ya wataalamu wa mipango miji wa Zanzibar na washirika wao wa Uholanzi. Kwa mtembeza wageni, kitabu hicho kilithibitisha jambo ambalo wenyeji walilijua siku zote, kwamba Ng'ambo nayo ina mengi ya kuonyesha.

Kwa wakulima kuna jambo jingine la kuvutia. Majina ya mitaa mingi ya Ng'ambo ni ya miti: Michenzani ni penye michenza, Miembeni ni penye miembe, Mikunguni ni penye mikungu, na Mwembetanga na Mwembeladu nazo zinaitaja miembe. Mji huu ulikua juu ya mashamba, na hadi leo unalishwa na mashamba. Mwongozaji anayeweza kumweleza mgeni hivyo, kisha akampa chenza mkononi, anauza historia na zao la mkulima kwa pamoja.

Kwa nini baiskeli

Mtalii wa gari huona mtaa kupitia kioo na hana njia ya kununua kitu. Mtalii wa miguu hununua, lakini akishachoka na jua hafiki mbali na hoteli yake. Baiskeli ipo katikati. Kwa muda wa saa tatu au nne mgeni anaweza kutoka Malindi, akavuka Darajani, akazunguka Michenzani na Raha Leo, na bado akapata nafasi ya kusimama mara nne au tano. Hapiti kwa kasi kiasi cha kushindwa kuona genge, na baiskeli haihitaji maegesho.

Aidha, baiskeli si kitu kigeni kwa Ng'ambo. Mikate, samaki, maziwa na majani ya ng'ombe vimekuwa vikifika mitaani juu ya kareri ya baiskeli kwa miaka mingi. Mafundi wapo, spea zipo, na hakuna mtoto asiyejua kuziba pancha. Biashara hii inaweza kuanza bila kuagiza utaalamu kutoka nje, jambo ambalo ni nadra katika utalii.

Soko nalo limekua. Kwa takwimu za serikali, wageni walioingia Zanzibar walikuwa zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi takriban 260,000 kutokana na ugonjwa wa korona. Mwaka 2023 walizidi 638,000, na mwaka 2024 wakazidi 736,000. Wengi wao hukaa katika hoteli za ufukweni na kulipia kila kitu kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo ongezeko la vichwa uwanja wa ndege halina maana ya ongezeko la wateja Mlandege. Utafiti wa mnyororo wa thamani wa utalii wa Zanzibar uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban asilimia 10 tu ya mapato ya utalii ndiyo iliyowafikia wananchi wa kipato cha chini.

Ziara ya baiskeli ni mojawapo ya njia chache zinazomtoa mgeni hotelini na kumfikisha mlangoni kwa mfanyabiashara mdogo. Lakini kumfikisha mlangoni ni jambo moja, na kumuuzia ni jambo jingine.

Hesabu ya ziara moja

Chukua mfano wa ziara ya wageni sita, kila mmoja akilipa sh. 75,000. Bei hizi ni za mfano tu ili hesabu ieleweke, na kila mwenye biashara anaweza kuweka zake. Mapato yote ni sh. 450,000.

Wakala au hoteli iliyomleta mgeni inachukua kamisheni ya asilimia 20, yaani sh. 90,000. Mwongozaji na msaidizi wake wanalipwa sh. 75,000. Baiskeli nane, sita za wageni na mbili za waongozaji, zinagharimu sh. 80,000 kwa uchakavu na matengenezo. Leseni, kodi, ofisi na matangazo vinachukua sh. 60,000, na maji ya chupa sh. 12,000. Zikitolewa hizo, mtaani zinafika sh. 15,000: kahawa ya sh. 3,000 kwa watu sita, na matunda ya sh. 12,000. Mwenye kampuni anabakiwa na sh. 118,000.

Hizo sh. 15,000 ni kama asilimia tatu ya mapato. Wageni wamezunguka mitaa minne, wamepiga picha, wamekaa kwenye baraza za watu na kusikiliza hadithi za watu hao, na mtaa umepata bei ya kilo chache za unga. Bidhaa iliyouzwa ni mtaa, lakini mtaa haumo katika orodha ya wanaolipwa.

Sasa chukua ziara ileile, ila vituo vyake vimegeuzwa kuwa mauzo yenye bei iliyokubaliwa kabla. Kituo cha kwanza ni kahawa na kashata kwa sh. 3,000 kila mgeni, jumla sh. 18,000. Cha pili ni sahani ya matunda ya msimu kwa sh. 5,000 kila mmoja, jumla sh. 30,000. Cha tatu ni mshona kofia anayeonyesha kazi yake kwa sh. 15,000 kwa kundi zima. Cha nne ni chakula cha mchana nyumbani kwa mama wa mtaa kwa sh. 10,000 kila mmoja, jumla sh. 60,000. Mtaa unapata sh. 123,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kama bei ya mgeni itabaki sh. 75,000, mwenye kampuni atabakiwa na sh. 10,000 tu, na baada ya wiki mbili atarudi kwenye kahawa ya sh. 3,000. Hakuna mfanyabiashara anayeendesha biashara kwa huruma. Ni lazima bei ipande. Ikiwa sh. 100,000, mapato yanakuwa sh. 600,000, wakala anachukua sh. 120,000, gharama nyingine zinabaki sh. 227,000, mtaa unapata sh. 123,000, na mwenye kampuni anabakiwa na sh. 130,000. Anapata zaidi kuliko awali, na mtaa unapata zaidi ya asilimia 20.

Je, mgeni atakubali kuongeza sh. 25,000? Katika hizo amepata mlo kamili, matunda na onyesho la ufundi, na mlo huo angeununua mgahawani kwa bei isiyo ndogo. Anachokataa mgeni si kulipa. Anachokataa ni kuombwaombwa njiani, kuambiwa bei tatu za dafu moja, na kutojua fedha yake inakwenda wapi. Bei moja iliyotajwa mwanzoni, ikiwa na maelezo ya nani analipwa nini, inauzika kirahisi zaidi.

Mkulima anaingia wapi

Ni vyema kusema ukweli kwamba ziara moja ya watu sita haiwezi kumaliza mavuno ya shamba. Matunda ya sahani sita hayajazi hata pakacha moja. Mkulima anayetegemea kwamba baiskeli zitachukua nafasi ya soko la Darajani au Mwanakwerekwe atavunjika moyo mapema.

Faida ya mkulima ipo katika mambo mawili. La kwanza ni ubora. Mteja wa sahani ya sh. 5,000 anataka tunda lililoiva vizuri, lisilo na jeraha, lililooshwa. Muuza matunda mwenye mkataba wa ziara yuko tayari kulipa zaidi kwa matunda ya daraja la kwanza kuliko mlanguzi anayenunua pakacha zima kwa kukisia. Mkulima anayechambua mavuno yake shambani, makubwa mbali na madogo mbali, ndiye atakayeipata bei hiyo. Anayechanganya atapewa bei ya mchanganyiko.

La pili ni orodha ya chakula. Hapa mama anayepika ndiye anayeamua nani alipwe. Akipika wali, sehemu kubwa ya fedha ya mchele itakwenda kwa muagizaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar huagizwa kutoka nje. Akipika muhogo wa nazi, majimbi, ndizi, mchicha na samaki wa kupaka, karibu kila kilichomo sahanini kimetoka shamba au bahari ya Unguja. Mgeni naye wali ameshaula hotelini, wakati majimbi na viazi vikuu ni vitu vipya kwake. Kubadilisha chungu kimoja kunahamisha fedha kutoka bandarini hadi shambani bila sheria mpya wala mkopo.

Msimu nao unahitaji kutazamwa. Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Hupungua sana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Machungwa huwa mengi katikati ya mwaka, na embe hujaa sokoni kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa bahati nzuri vipindi hivyo vinakaribiana na vya wageni. Kinachokosekana ni kalenda ya pamoja, ili mwongozaji ajue wiki gani ana tunda gani, asije akaahidi doriani wakati miti imebaki majani.

Kwa viungo, somo lipo tayari. Ziara za mashamba ya viungo za Kizimbani na Kidichi zimekuwapo kwa miongo kadhaa. Mwenye shamba lililo kituo cha ziara hulipwa na huuza pakiti zake. Jirani yake mwenye mdalasini na hiliki bora zaidi, lakini ambaye shamba lake si kituo, huendelea kuuza kwa mlanguzi. Kinacholeta tofauti ni njia ya gari, si rutuba ya udongo. Ng'ambo inaweza kuepuka jambo hilo ikiwa wakulima kadhaa wataungana kuuza pakiti zenye jina moja katika kituo kimoja cha mjini. Wanaotaka kufanya hivyo waanze kwa kuuliza masharti ya Taasisi ya Viwango (ZBS) na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Karafuu ina taratibu zake za ununuzi chini ya shirika la ZSTC, kwa hiyo mkulima ajiridhishe kwanza kabla ya kuiweka kwenye pakiti.

Fundi wa baiskeli asisahauliwe

Katika hesabu ya mfano, sh. 80,000 zilikwenda kwenye baiskeli. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko malipo ya mwongozaji na msaidizi wake kwa pamoja, na ndicho kinachoweza kubaki mtaani kirahisi kuliko vyote. Kampuni nyingi ndogo humwita fundi pale tu cheni inapokatika. Fundi hulipwa sh. 1,000 au 2,000, na wageni husubiri juani.

Mpango bora ni mkataba wa mwezi. Kwa mfano, baiskeli 12 kwa sh. 8,000 kila moja zinampa fundi sh. 96,000 kwa mwezi za uhakika, naye anakagua breki, tairi na spoki kila wiki. Mwenye kampuni anapungukiwa na ajali na malalamiko. Fundi anapata kipato anachoweza kukiwekea akiba ya kununua pampu nzuri na vifaa. Katika barabara zenye daladala, bodaboda na mikokoteni kama za Darajani, breki zisizoshika zinaweza kuua biashara nzima kwa siku moja.

Hatari zilizopo

Ya kwanza ni kamisheni ya mlangoni. Mwongozaji akizoea kudai chake kwa kila anayemletea wageni, wafanyabiashara wataanza kushindana kumpa zaidi, na bei itapandishwa kwa mgeni ili kufidia. Mwisho wake mgeni analipa ghali, muuzaji hapati zaidi, na kituo kizuri kinaachwa kwa kuwa mwenyewe hakutoa kitu. Mwongozaji alipwe vizuri na kampuni, si na muuza kahawa. Sheria ya Utalii ya Zanzibar Namba 6 ya 2009 inataka waongozaji wawe na leseni, na Kamisheni ya Utalii ndiyo yenye kusimamia. Mfanyabiashara ana haki ya kuuliza kitambulisho kabla ya kukubali kundi.

Ya pili ni ugawaji. Chukua kundi moja kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Muuza kahawa mmoja akipata makundi yote, mauzo yake yatakuwa sh. 450,000. Wakigawana watatu, kila mmoja ana sh. 150,000. Mmoja akineemeka peke yake, wengine watawachukia wageni. Wakigawana kumi, hakuna atakayeona faida ya kununua vikombe vipya. Njia ya kati ni zamu ya wiki kwa wauzaji wawili au watatu waliokubaliana viwango vya usafi, na orodha ibandikwe mahali pa wazi.

Ya tatu ni heshima. Ng'ambo ni majumbani kwa watu. Kuna sala ya Ijumaa, kuna misiba, na kuna mwezi wa Ramadhani ambapo vituo vya kula mchana havipo. Badala yake kunaweza kupangwa ziara fupi ya alasiri inayoishia kwenye futari kwa familia iliyokubali. Kupiga picha bila ruhusa na kuwagawia watoto pipi njiani huharibu mahusiano ambayo mfanyabiashara ameyajenga kwa miaka. Sheria za ziara ziandikwe na ziungwe mkono na sheha na wakazi, lakini kibali hicho kisigeuzwe kuwa ushuru mwingine usio na risiti.

Ya nne ni ya muda mrefu. Mtaa ukipata sifa, kodi za maduka na nyumba hupanda. Muuza urojo anayekodi kibaraza cha mtu anaweza kujikuta amechangia kuutangaza mtaa ambao hawezi tena kuulipia. Ng'ambo tayari inabadilika kwa majengo mapya ya biashara na makazi. Anayewekeza katika meza, jiko au friji kwa ajili ya wageni ahakikishe kwanza ana mkataba wa pango wa maandishi, wa mwaka mmoja au zaidi, wenye bei iliyotajwa.

Ya tano ni kuyumba kwa utalii wenyewe. Mwaka 2020 wageni walipungua kwa zaidi ya nusu, na waliokuwa wamekopa kwa kutegemea dola walibaki na madeni. Mteja wa kila siku wa Kikwajuni, anayenunua kahawa ya bei ya kawaida, ndiye aliyeifanya meza isifungwe. Fedha ya ziara ichukuliwe kama nyongeza. Itumike kununua vifaa na kulipa ada za watoto, isiwe msingi wa mkopo.

Makubaliano ya kurasa moja

Hayo yote hayahitaji mradi mkubwa wala semina ya siku tano. Yanahitaji karatasi moja kati ya kampuni ya ziara na mwenye kituo, yenye mambo matano.

Kwanza, bei kwa kila mgeni na idadi ya chini ya kundi. Pili, muda wa taarifa, kwa mfano saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, ili mama aende sokoni asubuhi akiwa na hesabu kamili. Tatu, siku ya malipo. Mfanyabiashara mdogo hana mtaji wa kukopesha kampuni kwa mwezi mzima, kwa hiyo malipo yawe siku hiyohiyo, taslimu au kwa simu. Nne, fidia ya kundi linaloahirishwa baada ya chakula kununuliwa, angalau nusu ya bei. Tano, viwango vya usafi, na nani atakagua.

Kila upande uwe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kauli hiyo inawahusu zaidi wanaouza vitu vidogo vidogo. Muuza kahawa anayeweza kuonyesha kwamba kwa miezi sita amehudumia wageni mia kadhaa bila lalamiko ana hoja ya kuomba bei mpya, na ana kitu cha kuonyesha kwenye SACCOS. Asiye na daftari atapangiwa bei na mwenye baiskeli.

Wakulima nao wasisubiri kufuatwa. Kikundi cha watu watano kutoka Dole au Machui kinaweza kumtuma mmoja wao mjini akiwa na sampuli za matunda na kalenda ya mavuno, akazungumza moja kwa moja na wauza matunda wa vituoni. Usafiri wa daladala kwa mtu mmoja ni gharama ndogo kuliko hasara ya kuuza embe za daraja la kwanza kwa bei ya embe za achari.

Kwa upande wa serikali, Kamisheni ya Utalii na Baraza la Manispaa wanaweza kusaidia kwa mambo madogo yenye uzito: njia salama ya kuvukia Darajani kwa baiskeli, vyoo safi karibu na Michenzani, na sharti kwamba kampuni inayouza ziara ya Ng'ambo itaje vituo vyake na bei inazolipa. Sharti hilo la mwisho halina gharama kwa serikali, na ndilo litakalomwezesha mgeni kuchagua kampuni inayolipa mitaa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kutazamwa. Anapona pale mgeni anaposhuka kwenye baiskeli, anapokaa, anapokula kilichopandwa na mkulima wa kisiwa hiki, na anapolipa bei ambayo mwenyeji mwenyewe alishiriki kuipanga.